Anasema kwa niaba ya nani? Wakili, waziri na balozi katika maisha ya Allan Rock wa Kanada

Kila yanapotangazwa mabadiliko serikalini na mtu aliyekuwa waziri akapangiwa ubalozi, maneno huanza mara moja, kwenye daladala na kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja atasema kapelekwa nje akapumzike. Mwingine atasema kapewa zawadi. Wa tatu atauliza swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: huyu si alikuwa wakili? Uwaziri alijifunza lini, na huo ubalozi kausomea wapi?

Swali hilo ni gumu kulijibu kwa nadharia tupu. Tunahitaji mtu mmoja wa kumfuata hatua kwa hatua, aliyeshika kazi zote tatu na ambaye mema na makosa yake yamo kwenye kumbukumbu za umma. Nimemchagua Allan Rock wa Kanada. Alikuwa wakili wa mahakamani kwa miaka 20, waziri kwa miaka 10, kisha balozi wa nchi yake Umoja wa Mataifa. Nina sababu nyingine pia ya kumchagua. Jambo kubwa aliloshiriki akiwa balozi lilitokana kwa kiasi kikubwa na yaliyotokea Rwanda mwaka 1994, na baadaye likatajwa sana Kenya ilipowaka moto mwaka 2008. Kwa hiyo si habari ya mbali kama inavyoonekana.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Wakili ni mtu anayesema kwa niaba ya mteja. Mteja ndiye mwenye shauri, na wakili analisimamia kwa nguvu zake zote hata kama moyoni ana maoni mengine. Waziri anasimamia wizara na kulijibu Bunge kwa kila kinachofanyika humo, awe amekifanya yeye au karani asiyemjua hata kwa sura. Balozi ametumwa na serikali yake kwenda kusema na serikali nyingine, au na nchi nyingi kwa pamoja.

Fikiria shughuli ya harusi. Balozi ni mshenga. Anabeba maneno ya waliomtuma, haongezi mahari kwa hiari yake wala haipunguzi, lakini ustadi wake wa kusema ndio utakaofanya mlango ufunguliwe au ubaki umefungwa. Waziri ni mwenyekiti wa kamati: pilau likiungua hakuna atakayemuuliza mpishi, ataulizwa yeye, na jibu la "mimi sikuwa jikoni" halitamsaidia. Wakili ni yule ndugu hodari wa maneno anayesimama upande wako mbele ya wazee ndoa inapopata mgogoro. Wote watatu wanaishi kwa kusema. Kinachowatenganisha ni mwenye maneno yale, na yupi anayebeba lawama yakiharibika.

Neno "balozi" nalo lina mitego. Tanzania tuna balozi wa nyumba kumi, ambaye ni jambo jingine kabisa. Hata kwenye diplomasia kuna tofauti ambayo habari zetu huiruka: nchi za Jumuiya ya Madola zikitumiana wajumbe, mjumbe huyo huitwa Kamishna Mkuu, si balozi, ingawa kazi ni ile ile. Ndiyo maana anayeiwakilisha Kanada Dar es Salaam au Nairobi ni Kamishna Mkuu kwenye karatasi, na sisi tunamwita balozi bila kukosea sana. Anayepelekwa Umoja wa Mataifa mjini New York ana cheo cha Mwakilishi wa Kudumu. Huyu hatumwi kwa nchi moja. Anakaa kwenye ukumbi wenye nchi zote, na mwaka 2005 zilikuwa 191. Hiyo ndiyo kazi aliyoishia Rock.

Alizaliwa Ottawa, mji mkuu wa Kanada, mwaka 1947 na kusoma sheria Chuo Kikuu cha Ottawa. Akiwa kiongozi wa wanafunzi hapo mwaka 1969, aliwapokea mwanamuziki John Lennon wa kundi la Beatles na mkewe Yoko Ono walipokuja mjini kuhubiri amani, na akawazungusha mji kwa gari lake. Mwaka 1973 alikubaliwa kuwa wakili wa Ontario, akafanya kazi Toronto katika kampuni kubwa ya mawakili, akijikita kwenye kesi za madai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alichaguliwa kuongoza chombo kinachosimamia mawakili wa jimbo hilo. Cheo chake kiliitwa "Mweka Hazina". Msomaji anaweza kudhani alikuwa mtunza fedha, kumbe kwa desturi ya zamani ya Ontario, Mweka Hazina ndiye mkuu wa chombo chenyewe.

Mwaka 1993 aligombea ubunge kwa chama cha Liberal katika jimbo la uchaguzi la Etobicoke Centre, Toronto, akashinda. Waziri Mkuu Jean Chrétien akamfanya Waziri wa Sheria hapo hapo, mbunge mgeni ambaye hajawahi kukaa hata siku moja kwenye viti vya nyuma, wanakokaa wabunge wasio mawaziri. Watanzania hawatashangaa kwamba ilibidi awe mbunge, kwa kuwa na kwao mawaziri hutoka bungeni. Mkenya ataona tofauti, maana Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni kabisa.

Kuna tofauti nyingine ambayo huwachanganya hata wanasheria wetu wanaposoma habari za Kanada. Tanzania, Waziri wa Katiba na Sheria ni mtu mmoja, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali ni mwingine. Kanada, kwa mujibu wa sheria, Waziri wa Sheria wa serikali kuu ndiye huyo huyo Mwanasheria Mkuu. Kofia mbili, kichwa kimoja. Akivaa ya kwanza ni mwanasiasa: anapeleka miswada bungeni, anakitetea chama, anamsikiliza Waziri Mkuu. Akivaa ya pili anatakiwa asimsikilize mwanasiasa yeyote, hata Waziri Mkuu, inapofika kwenye uamuzi wa nani ashtakiwe. Enzi za Rock mashtaka ya serikali kuu yaliendeshwa ndani ya wizara yake mwenyewe. Ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ilianzishwa mwaka 2006, na hata hapo kofia mbili zilibaki. Mwaka 2019 mmoja wa waliomfuata, Jody Wilson-Raybould, naye mwanasheria, alijiuzulu baraza la mawaziri na kueleza kwamba alishinikizwa kuhusu kesi ya jinai ya kampuni ya uhandisi ya SNC-Lavalin. Baadaye mwaka huo Kamishna wa Maadili alimkuta Waziri Mkuu Justin Trudeau na kosa la kuvunja sheria ya mgongano wa maslahi. Mimi naona mpango wa kuwatenganisha watu hawa wawili, kama tulivyofanya sisi, una busara, ingawa kwenye karatasi peke yake hautoshi kumlinda mtu.

Rock aliuonja ugumu huo mapema. Septemba 1995 wizara yake iliandika barua kwa mamlaka za Uswisi kuomba msaada wa uchunguzi. Barua ilidai kuwa Brian Mulroney, aliyekuwa Waziri Mkuu kabla ya serikali hiyo kuingia, alihusika na rushwa katika ununuzi wa ndege za Airbus uliofanywa na shirika la Air Canada mwaka 1988. Barua ikavuja. Mulroney akafungua kesi ya kuchafuliwa jina, akidai dola za Kanada milioni 50. Januari 1997 serikali iliomba radhi na kukubali kulipa gharama zake za kesi. Aliyesaini barua ile alikuwa ofisa wa wizara, na Rock alieleza kwamba hakuiona kabla haijatumwa. Kwa wakili, huo ni utetezi mzuri kabisa: mteja wangu hakuwepo, hakuona, hakusaini. Bungeni hautoshi. Pilau limeungua, na mwenyekiti wa kamati ni wewe.

Jambo lililomtambulisha zaidi katika wizara hiyo lilikuwa sheria ya silaha. Tarehe 6 Desemba 1989 mtu mwenye bunduki aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique mjini Montreal, akawaua wanawake 14. Miaka 6 baadaye, Desemba 1995, sheria aliyoipigania Rock ilikamilika: kila mwenye silaha awe na leseni, na kila bunduki iandikishwe, zikiwemo za wakulima na wawindaji. Vijijini, hasa magharibi mwa nchi, watu walikasirika mno. Lakini kilichokuja kuiumiza sera hiyo zaidi ni hesabu. Bunge lilikuwa limeambiwa mpango ungegharimu dola milioni 119, ada zingerudisha milioni 117, na mlipakodi angebaki na mzigo wa milioni 2 tu. Mwaka 2002 Mkaguzi Mkuu Sheila Fraser alionya kuwa gharama zilikuwa zinaelekea kupita dola bilioni 1. Kufikia hapo Rock alikuwa ameshaondoka wizara hiyo miaka 5 nyuma, na bado jina lake ndilo lililotajwa. Mwaka 2012 serikali ya Waziri Mkuu Stephen Harper, wa chama pinzani cha Conservative, ilifuta uandikishaji wa bunduki ndefu za kawaida. Leseni zikabaki.

Kama kuna sehemu ya maisha yake ambayo ningependa kila mwanasheria anayeota uwaziri aisome, ni ile ya Wizara ya Afya, alikohamishiwa mwaka 1997.

Miaka ya 1980 maelfu ya Wakanada waliongezewa damu yenye virusi vya homa ya ini aina ya C. Waliumwa ini, wengine wakafa, na kosa halikuwa lao: walikwenda hospitali kutibiwa wakarudi na ugonjwa. Tume ya Jaji Horace Krever ilichunguza kwa miaka 4, na Novemba 1997 ikapendekeza wote walioumizwa na damu walipwe fidia, bila kwanza kuuliza nani mwenye hatia. Machi 1998 Rock na mawaziri wa afya wa majimbo wakatangaza dola bilioni 1.1, lakini kwa walioambukizwa kati ya mwanzo wa 1986 na katikati ya 1990 peke yao.

Kwa nini miaka hiyo? Hapo ndipo unapomwona wakili amekaa kwenye kiti cha waziri. Mwaka 1986 Marekani ilianza kupima damu kwa njia isiyo ya moja kwa moja, iliyoweza kuchuja sehemu ya damu mbaya. Kanada haikufanya hivyo, hadi 1990 kilipoanza kutumika kipimo cha virusi vyenyewe. Kwa hiyo, hoja ilisema, katika miaka hiyo minne serikali ingeweza kuzuia na haikuzuia: kuna uzembe, kuna dhima, kuna fidia. Kabla ya hapo hakukuwa na kipimo, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Ukiipeleka hoja hii mahakamani, inasimama vizuri.

Sasa mfikirie mama aliyeongezewa damu Desemba 1985 na jirani yake aliyeongezewa Januari 1986. Ini ni lile lile, maumivu ni yale yale, na hospitali pengine ni moja. Mmoja analipwa, mwingine anaambiwa pole. Hakuna hoja ya kisheria itakayomtuliza huyo wa pili, na sidhani kama anastahili kutulizwa kwa hoja ya kisheria. Mahakama huuliza nani alikosea. Wananchi wanapomtazama waziri huuliza nani ameumia. Rock alijibu swali la kwanza mbele ya watu waliokuwa wanauliza la pili. Aprili 1998 upinzani ulipeleka hoja bungeni ya kuwalipa wote, na serikali ikawabana wabunge wake waikatae kwa kulifanya suala la imani, kwamba hoja ikipita serikali imeanguka. Ilikataliwa, ila jeraha lilibaki wazi hadi Julai 2006, serikali ya Harper ilipotangaza karibu dola bilioni 1 kwa wale walioachwa nje.

Ni haki kuyataja na mengine ya wizara hiyo. Chini yake Kanada ikawa nchi ya kwanza duniani kulazimisha picha za maonyo kwenye pakiti za sigara, za mapafu yaliyooza na meno yaliyoharibika, zikifunika nusu ya pakiti. Leo picha za namna hiyo zimeenea nchi nyingi. Oktoba 2001, hofu ya barua zenye kimeta ilipoikumba Marekani, wizara yake iliagiza Cipro, dawa ya kutibu kimeta, kutoka kiwanda cha Kanada ilhali hataza ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Bayer, kisha ikarudi nyuma na kuelewana na Bayer. Hataza ni haki ya kisheria ya mgunduzi kuwa peke yake sokoni kwa muda, na nchi tajiri zilikuwa zikizihimiza nchi za Afrika ziiheshimu hata pale dawa za UKIMWI zilipokuwa ghali kuliko uwezo wa wagonjwa. Wengi waliona: kumbe hofu ikifika kwao, hataza inaweza kusubiri mlangoni. Mwezi uliofuata, mjini Doha, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana kwa maandishi kwamba haki za hataza zisizuie serikali kulinda afya ya watu wake.

Mwaka 2002 alihamia Wizara ya Viwanda. Alitaka uongozi wa chama na uwaziri mkuu, lakini Januari 2003 akajitoa, kwa sababu Paul Martin alikuwa ameshawateka wanachama karibu wote. Desemba mwaka huo Martin akawa Waziri Mkuu, na mpinzani wake wa zamani akatangazwa kuwa balozi Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo wale wa "kapelekwa nje" walikuwa na hoja? Kwa kiasi, ndiyo. Kanada, mabalozi walio wengi ni watumishi wa kudumu wa wizara ya mambo ya nje waliopanda ngazi kwa miaka, na wanasiasa wanaopewa nafasi hizo ni wachache. Uteuzi wa namna hii mara nyingi humwondoa mtu mzito kwenye siasa za nyumbani bila kumvunjia heshima. Kosa ni kudhani kwamba sababu ya kupelekwa ndiyo itakayoamua atafanya nini akifika. Asha-Rose Migiro wa Tanzania alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa waziri, akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akarudi kuwa Waziri wa Katiba na Sheria, kisha akaiwakilisha nchi mjini London. Ukimpima kwa "kapandishwa au kashushwa" utabaki bila jibu.

Rock alifika New York mwaka 2004, mjadala mmoja mzito ukiwa umeiva. Ili kuuelewa turudi Rwanda. Aprili 1994, mauaji ya Watutsi yakiwa yameshaanza, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa Kigali chini ya jenerali wa Kanada, Roméo Dallaire. Alikuwa akiomba nguvu zaidi. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha azimio la kukipunguza kikosi hadi watu wapatao 270. Katika siku kama 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000. Mwaka uliofuata, Srebrenica nchini Bosnia, wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa katika eneo ambalo Umoja huo huo ulikuwa umelitangaza kuwa salama.

Kanuni iliyokuwa ikitumika kama kisingizio ni ile ya mamlaka ya dola: mambo ya ndani ya nchi ni ya nchi hiyo. Kwa lugha ya mtaani, ugomvi wa mke na mume usiuingilie. Lakini sote tunajua kuna usiku ambapo kelele za jirani si ugomvi tena, na asiyetoka nje atakuwa na la kujibu asubuhi. Mwaka 2000 serikali ya Kanada, kwa msukumo wa Waziri wa Mambo ya Nje Lloyd Axworthy, iliunda tume ya kimataifa iliyoongozwa na Gareth Evans wa Australia na Mohamed Sahnoun wa Algeria. Desemba 2001 tume ikaja na jina jipya: Wajibu wa Kulinda. Maana yake, mamlaka ya dola si ukuta wa kujifichia, ni dhamana. Dola lina wajibu wa kuwalinda watu wake, na likishindwa waziwazi, wajibu huo unahamia kwa mataifa kwa pamoja.

Niseme hapa jambo ambalo maelezo mengi ya Ulaya na Amerika hulipita haraka. Julai 2000, kabla tume hiyo haijaundwa, viongozi wa Afrika waliokutana Lomé walikuwa wameshaandika katika Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, ibara ya 4(h), kwamba Umoja una haki ya kuingilia kati ndani ya nchi mwanachama panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wazo halikuletwa kwetu likiwa limefungwa kwenye boksi. Tulikuwa tumelipata kwa uchungu wetu wenyewe.

Lakini ripoti ya tume haimfungi mtu. Ili iwe na uzito ilibidi serikali zote ziikubali, na nafasi ilikuwa mkutano wa wakuu wa nchi wa Septemba 2005, miaka 60 ya Umoja wa Mataifa. Rock na ujumbe wake walifanya kazi ya mshenga: kwenda ofisi hadi ofisi, nchi moja moja, kusikiliza hofu ya kila mmoja. Nchi nyingi zinazoendelea zilihofia kwamba wakubwa wangepata kisingizio kipya cha kuvamia, na kwa kuwa Iraq ilikuwa imevamiwa mwaka 2003 bila idhini ya Baraza la Usalama, hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Marekani, upande wake, haikutaka kufungwa na wajibu wa kisheria wa kwenda popote damu inapomwagika.

Dawa ya hofu hizo mbili ilikuwa maneno yenyewe, na hapa miaka 20 ya mahakamani ilikuwa mali. Aya ya 138 na ya 139 za tamko la mwisho zinataja makosa manne tu: mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, kuwafukuza watu wa kabila fulani ili kulisafisha eneo, na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Njaa haimo, mapinduzi hayamo, uchaguzi wenye dosari haumo. Zinasema njia za amani zianze. Zinasema nguvu zikihitajika zipitie Baraza la Usalama, hali moja moja ikiangaliwa yenyewe. Na hazisemi mataifa "yana wajibu" wa kutumia nguvu hizo, zinasema "yako tayari". Maneno mawili hayo yana umbali mkubwa kati yake, kama ule kati ya "nitakulipa" na "niko tayari kukulipa" unapomdai mtu. Anayetaka uhakika ataona udhaifu hapo, na simlaumu. Bila udhaifu huo, aya zenyewe zisingekuwepo.

Je, Rock ndiye aliyeziandika? Hapana, na hili ni kosa la kawaida katika kusimulia diplomasia. Maandishi ya namna hii hupita mikono mingi, Rwanda na Afrika Kusini zilisimama imara kuyaunga mkono, na Martin mwenyewe aliyabeba kwa wakuu wenzake. Tena Kanada haikuwa hata mjumbe wa Baraza la Usalama wakati huo. Tanzania ilikuwa mjumbe, 2005 na 2006. Aprili 2006 Baraza lilipozithibitisha aya hizo katika azimio namba 1674, kura ya Tanzania ilikuwa miongoni mwa kura 15 za ndiyo, wakati Rock hakuwa na kura ya kupiga.

Wapo wanaosema Wajibu wa Kulinda ni jina zuri la uvamizi. Wanaitaja Libya mwaka 2011, ambako azimio la kulinda raia liliishia serikali kuangushwa, na malalamiko yao yana msingi. Lakini kuna Kenya pia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel wakaketi Nairobi kwa wiki kadhaa, Jakaya Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika akaja kusukuma mwishoni, na tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga wakasaini makubaliano. Hakuna askari wa nje aliyevuka mpaka. Annan mwenyewe aliitaja Kenya kuwa mfano wa wajibu huo ukifanya kazi, na aya ya 139 ukiisoma kwa makini inaanza hivyo hivyo: maneno kwanza.

Serikali ya Kanada ilibadilika mwaka 2006, na ubalozi wa Rock ukaisha mwaka huo huo. Novemba mwaka ule alikwenda Sri Lanka kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuchunguza watoto wanaoingizwa vitani, akasema kuna ushahidi kwamba baadhi ya askari wa serikali waliwasaidia wapiganaji wa Karuna, kundi lililojitenga na waasi wa Kitamil, kuwateka watoto. Serikali ilikanusha kwa ukali. Tazama tofauti: akiwa balozi wa Kanada asingesema hivyo bila Ottawa kukubali. Hapa hakutumwa na Ottawa, alitumwa kuangalia na kusema alichokiona. Kuanzia 2008 hadi 2016 aliongoza Chuo Kikuu cha Ottawa, pale pale alipokuwa mwanafunzi.

Mwaka 2017 likaundwa Baraza la Dunia la Wakimbizi chini ya Axworthy, Kikwete akiwa mmoja wa wenyeviti wenza na Rock mshauri. Moja ya mapendekezo ambayo Rock ameyapigania tangu hapo ni hili: kiongozi akiwafukuza watu wake huku fedha alizoiba zimezuiwa benki za nje, mahakama za nchi zenye benki hizo ziruhusiwe kuzitaifisha, zikawahudumie wale aliowafukuza. Kwa kawaida fedha hizo hukaa tu, mwenyewe hawezi kuzigusa na wenye haki nazo hawazioni. Mwaka 2022 Kanada ilirekebisha sheria yake ya vikwazo, na sasa serikali inaweza kwenda mbele ya jaji kuomba mali iliyozuiwa itaifishwe, kisha itumike kuwasaidia waathirika au kuijenga upya nchi iliyoumizwa.